Mwanga Uliopitia Darini

Picha haionekani redioni, kwa hiyo kwa dakika hizi chache masikio yatafanya kazi ya macho.

Ni chumba na sebule, nyumba ya kupanga, iwe Magomeni au Likoni, jioni ya arobaini ya mtoto. Maulidi yameshasomwa, ubani bado unanukia. Taa ni moja tu, katikati ya dari. Bibi ameketi mkekani akimpakata mjukuu. Mtoto kavalishwa kofia nyeupe, kapakwa mafuta ya nazi hadi mashavu yanameta. Mashangazi wamejipanga mlangoni na kanga zao za sare, wanasubiri zamu. Mpiga picha aliyekodiwa anapiga goti, anaelekeza kamera, anabonyeza. Flashi inalipuka moja kwa moja usoni mwa mtoto.

Yanayofuata kila mzazi anayajua. Mikono inaruka juu, uso unakunjamana, kilio kinaanza. Na picha yenyewe, ikitazamwa kwenye kioo cha nyuma ya kamera, haifidii kilio hicho. Paji la uso lina doa jeupe kama sarafu. Mashavu yaliyokuwa ya mviringo yamekuwa bapa. Kivuli cheusi chenye kingo kali kimejichora ukutani nyuma ya bibi. Mashangazi wamemezwa na giza, zimebaki pindo za kanga.

Mpiga picha anayeijua kazi yake hufanya jambo dogo sana hapo. Anasubiri mtoto anyamaze, anashika kichwa cha flashi, anakizungusha mpaka kinatazama dari, kimelalia kidogo upande wa nyuma yake mwenyewe, kisha anabonyeza tena. Kamera ni ileile, mtoto ni yuleyule. Safari hii mwanga umekwenda darini kwanza, ukadunda kama mpira, ukashuka chumba kizima. Mtoto hakushtuka. Mashangazi wanaonekana, sinia la halua linaonekana, na yale mashavu yamerudishiwa mviringo wake.

Huko ndiko kudundisha flashi. Ni ujuzi usiohitaji kununua chochote kwa mtu ambaye tayari ana flashi yenye kichwa kinachozunguka, na flashi za namna hiyo zimejaa madukani, nyingi zikiwa za Kichina kama Godox na Yongnuo, mikononi mwa vijana wanaopiga harusi, kipaimara na mahafali. Inasikitisha kuona wangapi kati yao hukiacha kichwa hicho kimetazama mbele mwaka mzima, kana kwamba kiungo chake cha kuzungukia kiliwekwa kwa urembo.

Kwa nini dari ilainishe mwanga? Jibu liko nje ya nyumba, mchana wa saa saba. Jua ni kubwa ajabu, lakini liko mbali mno, hivyo likitazamwa kutoka ardhini ni kitobo kidogo cha mwanga angani, na vivuli vyake hukatika kama vilivyopigwa mkasi. Wingu zito likilifunika, mbingu nzima inageuka taa moja pana, na kivuli cha mwembe kinayeyuka. Ukali wa kivuli hutokana na udogo wa taa ukilinganisha na kinachomulikwa. Uso wa flashi unatoshana na kiberiti kikubwa. Kipande cha dari kinachopigwa na flashi hiyohiyo kinaweza kufika upana wa mita moja au zaidi, na kwa mtoto aliyeketi chini yake, hicho kipande ndicho taa.

Kuna hesabu nyingine, na hii ndiyo inayowarudisha mashangazi kwenye picha. Mwanga unaotoka kwenye chanzo kidogo hupungua kwa kipeo cha pili cha umbali. Ikiwa mtoto yuko mita 1.5 kutoka kwenye flashi, na mashangazi wako mita 4.5, basi wao wako mbali mara tatu, na wanapata sehemu moja ya tisa tu ya mwanga anaopata mtoto. Kamera haiwezi kuwatosheleza wote. Ikimtendea haki mtoto, wengine wanapotea. Mwanga unaposhuka kutoka darini, tofauti ya umbali kati ya mtoto na jamaa zake haiwi kubwa hivyo, na chumba kinabaki chumba. Mtoto anaonekana yuko kwao: mkeka, pazia la mlango, saa ya ukutani, birika, watu wake. Miaka 20 baadaye hivyo ndivyo vitu ambavyo familia itaviangalia zaidi kwenye picha ile, kwa sababu uso wa mtoto utakuwa umebadilika na bibi huenda hayupo.

Flashi yenyewe ilizaliwa ikiwa kitu cha kutisha. Mwaka 1887 Wajerumani wawili, Adolf Miethe na Johannes Gaedicke, walichanganya unga wa magnesi na kemikali nyingine wakapata unga unaolipuka kwa mwanga mkali. Habari hiyo ilimfikia Jacob Riis, mzaliwa wa Denmark aliyekuwa mwandishi wa habari za polisi jijini New York. Riis alikuwa akiumizwa na hali ya maskini waliobanana katika vyumba visivyo na madirisha, na hakuwa na njia ya kuonyesha giza lile kwa watu wa mitaa ya nuru. Akaanza kuingia usiku na unga wake. Mwanzoni ulifyatuliwa kwa kifaa kilichofanana na bastola, watu wakaingiwa na hofu, akabadilisha akawa anauwasha kwenye kikaango. Mwenyewe alisimulia kwamba mara mbili aliiwasha moto nyumba aliyokuwa akiipiga picha, na mara moja akajiwasha yeye mwenyewe. Kitabu chake cha mwaka 1890, How the Other Half Lives, kiliwafanya wakubwa wa jiji wayatazame makazi yale. Baada yake Lewis Hine, aliyekuwa mwalimu, alianza mwaka 1908 kupiga picha watoto waliofanyishwa kazi viwandani na migodini huko Marekani, naye pia akitumia unga wa kulipuka.

Picha hizo zilifanya kazi kubwa ya haki, na ukali wa mwanga wake ulikuwa sehemu ya nguvu yake. Lakini ukizitazama kwa utulivu, baadhi ya watu waliomo, hasa waliokurupushwa usingizini, wana macho ya mtu aliyevamiwa. Ushahidi unaweza kuvumilia macho ya namna hiyo. Picha ya arobaini haiwezi. Baada ya unga zikaja balbu za flashi, zilizoanza kuuzwa Ujerumani mwaka 1929, kila moja ikitumika mara moja na kutupwa. Kisha ikaja flashi ya umeme yenye gesi ya zenoni, iliyotokana kwa sehemu kubwa na kazi ya Harold Edgerton wa chuo cha MIT katika miaka ya 1930. Moto na moshi vikaondoka, lakini mazoea ya kumlenga mtu usoni yakabaki.

Mwambao una historia yake katika jambo hili. Zamani mtoto ndiye aliyepelekwa kwenye mwanga. Alivalishwa nguo ya sikukuu, akachukuliwa mkono hadi studio, kama vile Capital Art Studio ya Mji Mkongwe, Zanzibar, iliyofunguliwa mwaka 1930 na Ranchhod Oza. Huko studioni fundi alikuwa bwana wa nafasi yake: anajua ukuta wake, anajua kiti kinakaa wapi. Siku hizi kamera ndiyo inayomfuata mtoto nyumbani, na fundi anaingia kwenye chumba asichowahi kukiona. Kwa hiyo kazi yake ya kwanza, kabla hata ya kuwasalimia mashangazi wote, ni kuinua macho na kusoma dari.

Dari nyeupe ya jipsamu, yenye kimo cha mita 2.5 hadi 3, ni neema. Ubao mweupe wa zamani nao unafaa. Shida huanza pale dari inapokuwa na rangi, kwa sababu mwanga hubeba rangi ya kitu ulichogusa. Ukuta wa kijani huleta uso wa mgonjwa. Ukuta wa buluu humfanya mtoto aonekane anahisi baridi. Rangi ya krimu, iliyoenea sana katika nyumba zetu, huupa mwanga joto kidogo, na hilo kwa ngozi ya mtoto ni zawadi. Kuna vyumba vingi ambavyo nusu ya chini ya ukuta imepakwa rangi ya mafuta ya kahawia au kijani ili isishike uchafu wa mikono ya watoto, na nusu ya juu ni nyeupe ya maji. Hapo flashi ilenge juu ya ule mstari. Rangi ya mafuta ina mng'aro, hivyo hurudisha mwanga kama kioo, ukiwa bado na ukali wake. Rangi ya maji huutawanya.

Na nyumba isiyo na dari? Ziko nyingi, na watoto wake wanastahili picha nzuri vilevile. Bati jipya hurudisha mwanga kwa mistari mistari, likifuata migongo yake, na bati lililoshika kutu hurudisha ukahawia. Makuti hunyonya karibu kila kitu. Nyumba za mawe za Lamu na Mji Mkongwe zina dari ndefu za boriti, mwanga ukipanda huko hurudi umechoka. Katika hali hizo zote dawa ni ukuta, na ukuta ukiwa na rangi mbaya, dawa ni shuka. Shuka nyeupe ya kitanda, iliyotundikwa kwenye kamba ya nguo au kushikwa na wajomba wawili waliokuwa hawana kazi, inageuka kuwa dirisha. Flashi inazungushwa upande, inapiga shuka, na mwanga unamfikia mtoto kutoka ubavuni, kama unavyofika kutoka dirishani asubuhi. Kwa kweli mwanga huo wa pembeni mara nyingi unashinda wa darini, kwa kuwa upande mmoja wa uso unang'aa na wa pili unatulia katika kivuli chepesi, na hapo ndipo pua ya mtoto na mdomo wake vinapata umbo.

Hapa lazima ngozi izungumzwe, kwa sababu vitabu vingi vya upigaji picha viliandikwa kwa kufikiria ngozi nyingine. Ngozi nyeupe huonyesha umbo lake zaidi kwa vivuli. Ngozi nyeusi huonyesha umbo lake zaidi kwa mng'ao. Mng'ao huo ni taswira ya taa yenyewe juu ya ngozi: taa ikiwa ndogo, mng'ao ni doa dogo linalochoma macho, taa ikiwa pana, mng'ao unatandazika kutoka kwenye shavu hadi kidevuni, laini kama hariri. Ndiyo maana mpiga picha wa flashi ya moja kwa moja humwomba mama amfute mtoto mafuta, wakati aliyedundisha flashi yake anayaacha. Mafuta ya nazi au Vaseline ambayo mama ameyapaka kwa dakika kumi nzima, akimgeuza mtoto huku na huku mapajani, yanakuwa sehemu ya uzuri wa picha. Mama alimpaka mtoto ili ang'ae, na anang'aa.

Dhuluma ya mwanga kwa ngozi nyeusi ina historia ndefu. Kuanzia miaka ya 1950 maabara za kusafishia filamu zilipima rangi zao kwa kadi zilizoitwa kadi za Shirley, zenye picha ya mwanamke mweupe. Mtafiti Lorna Roth wa Chuo Kikuu cha Concordia, Montreal, ameeleza jinsi Kodak ilivyoanza kuboresha filamu zake kwa rangi za kahawia kutokana na malalamiko ya watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, ambao bidhaa zao hazikuwa zikitoka vizuri kwenye matangazo. Kamera za leo ni bora zaidi, ila bado zinahitaji kusimamiwa. Kipimo cha flashi cha kamera hudhani kila kilicho mbele yake kina wastani wa kijivu. Mtoto mweusi aliyejaza picha nzima kwa karibu hupewa mwanga wa ziada asiouhitaji, na ngozi yake inafifia kuwa ya majivu. Mtoto huyohuyo akivaa kanzu nyeupe au gauni la ubatizo, kamera inaogopa weupe wa nguo, inapunguza flashi, na uso unazama. Katika hali ya kwanza flashi ipunguzwe kidogo, katika ya pili iongezwe, pengine kwa hatua moja nzima. Kitufe cha kufanya hivyo kipo kwenye karibu kila kamera kubwa.

Sasa pembe. Kosa linaloonekana zaidi kwa wanaoanza ni kuelekeza flashi juu kabisa, wima, huku mtoto akiwa karibu sana. Mwanga unashuka utosini kama mvua, nywele zinang'aa, na mashimo ya macho yanabaki na giza. Njia rahisi ya kuepuka ni kukisia taa mpya itakaa wapi. Pale mwanga unapogusa dari, pahesabiwe kuwa kuna taa iliyotundikwa hapo. Je, taa hiyo ingemmulika mtoto usoni au kichogoni? Ikiwa ingekuwa nyuma yake, ni mbaya. Ikiwa ingekuwa mbele yake na juu, nyuma ya bega la mpiga picha, macho yake yatapata ule mng'ao mdogo unaoonyesha uhai. Basi flashi inaelekezwa huko, hata kama maana yake ni kuipa kisogo sura inayopigwa. Jambo hilo huwashangaza watazamaji, na wapo wanaomwambia mpiga picha kwamba flashi yake imegeuka, airekebishe.

Mmoja wa walioueneza mtindo huo duniani ni Neil van Niekerk, mpiga picha mwenye asili ya Afrika Kusini anayefanya kazi New Jersey, Marekani. Chombo chake maarufu ni kipande chembamba cha sponji nyeusi kinachofungwa kwenye kichwa cha flashi kwa raba za nywele. Kazi ya sponji hiyo ni kuzuia mwanga wowote usimfikie mtu moja kwa moja, ili kila kinachomfikia kiwe kimepitia ukutani. Wengine hufanya kinyume, wanasimamisha kadi ndogo nyeupe nyuma ya kichwa cha flashi ili sehemu kidogo ya mwanga iruke mbele na kuwasha macho. Zote mbili zinafanya kazi. Kwa vichanga, ile sponji nyeusi ina faida kwa sababu haimrushii chochote cha ghafla.

Kudundisha kuna gharama yake. Mwanga unasafiri mbali zaidi, unamezwa na rangi, unatawanyika, na kinachomfikia mtoto kinaweza kuwa robo ya ule wa moja kwa moja, au hata moja ya nane. Ndiyo maana ISO hupandishwa. ISO 800 inaitikia mwanga mara nane zaidi ya ISO 100, na kamera za leo zinaivumilia bila chengachenga za kukera. Mahali pazuri pa kuanzia ni ISO 800, tundu la lenzi f/4, shata 1/125, flashi ijipime yenyewe. Betri nazo zinateseka. Betri za kawaida za dukani zikianza kuchoka, flashi inahitaji sekunde nyingi kujijaza, na katika sekunde hizo mtoto ameshacheka, ameshageuka, ameshaanguka na kunyanyuka. Betri za kuchaji zenye nguvu nzuri, seti mbili, ni matumizi yenye maana kuliko lenzi ya pili.

Faida ya flashi ni kasi. Mlipuko wa flashi ndogo hata kwa nguvu yake yote hudumu kama sekunde 1/1000 tu, na ukipunguzwa nguvu unakuwa mfupi zaidi ya hapo. Mtoto anayeruka kitandani, tone la maji kutoka kwenye beseni la kuogea, vidole vinavyopiga makofi, vyote vinasimama. Watoto wa miaka miwili mitatu wana mwitikio mmoja wa kupendeza kwa flashi iliyopigwa darini: hawamtazami mpiga picha kabisa. Wanainua shingo, midomo wazi, wanatafuta juu ile radi ilipotokea. Anayejua hilo hupiga ya kwanza ili wapate kutafuta, na ya pili wanapoteremsha macho kuuliza.

Mtoto aliyelala chini ya chandarua anahitaji tahadhari yake. Flashi ya moja kwa moja hukiwasha chandarua chenyewe, kikawa ukungu mweupe, na mtoto akapotea nyuma yake. Pindo linyanyuliwe taratibu, lenzi iingie ndani, mwanga uende darini.

Wazazi huuliza kama flashi inadhuru macho ya kichanga. Mwaka 2015 ilisambaa habari kutoka China ya mtoto aliyedaiwa kupofushwa na flashi, na madaktari wa macho waliipinga. Mlipuko ule ni mfupi mno, na flashi ya kawaida kwa umbali wa kawaida haijaonekana kuharibu macho ya mtoto. Kinachomliza ni mshtuko, na mshtuko unatosha kuwa sababu ya kuugeuza mwanga.

Kuna jambo moja kuhusu macho ambalo mtu anayependa kudundisha flashi analazimika kulijua, maana ndipo njia hii inapoficha kitu muhimu. Flashi iliyo karibu na lenzi, ikipigwa kwenye chumba chenye giza ambamo mboni zimepanuka, huingia ndani ya jicho na kurudi ikiwa na wekundu wa damu iliyo nyuma ya retina. Ni yale macho mekundu ambayo watu huyachukia. Flashi iliyopitia darini haiyatoi, kwa sababu mwanga hauingii kwa njia ileile ambayo kamera inatazama. Lakini jicho la mtoto likitoa weupe au umanjano mahali pa wekundu, inaweza kuwa dalili ya ugonjwa: mtoto wa jicho, au retinoblastoma, saratani ya jicho inayowapata zaidi watoto wa chini ya miaka mitano. Bryan Shaw, mwanakemia wa Chuo Kikuu cha Baylor huko Texas, aliligundua hilo kwa uchungu baada ya mwanawe kupatikana na saratani hiyo. Alirudi kwenye picha za familia, akaukuta ule weupe tangu mtoto akiwa na siku 12. Yeye na wenzake wakatengeneza programu ya simu inayotafuta weupe huo kwenye picha. Katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 2019, uliopitia picha zaidi ya 50,000 za watoto 40, programu iliuona weupe kwa watoto 16 kati ya 20 waliokuwa na magonjwa ya macho, kwa wastani mwaka 1.3 kabla ya madaktari kuwatambua.

Weupe kwenye picha moja unaweza pia kutokana na pembe ya jicho tu. Ukijirudia kwenye picha kadhaa, katika jicho lilelile, mtoto apelekwe kwa daktari wa macho bila kusubiri mwezi uishe, iwe Muhimbili, KCMC kule Moshi, Kikuyu nchini Kenya, au hospitali yoyote yenye idara hiyo. Saratani hii ikiwahiwa, maisha ya mtoto huokolewa, na mara nyingi jicho pia. Kwa hiyo mpiga picha wa familia afanye hivi: katika picha 100 alizodundisha, mbili tatu apige moja kwa moja, mtoto akiwa ameshaamka vizuri na anatazama lenzi, kisha awaoneshe wazazi macho yote mawili.

Walio na simu tu hawakusahauliwa. Taa ya simu haizunguki, imekaa kando ya lenzi na inatazama mbele milele. Lakini katika nyumba nyingi simu ni zaidi ya moja. Simu ya pili iwashwe tochi, mtu aishike karibu na ukuta mweupe, nusu mita hivi, tochi ikiutazama ukuta, na mtoto akae jirani na ukuta huo. Mwanga utakuwa hafifu, mtoto anayekimbia atatoka na ukungu, ila aliyelala au anayenyonya atapendeza sana. Taa za LED za nyumbani nyingi sasa ni nyeupe, hivyo rangi hazitagombana kama zilivyogombana na balbu za njano za zamani.

Na umeme ukikatika, kama unavyokatika siku ya shughuli? Kamera kubwa itashindwa kulenga gizani, basi mmoja amulike mtoto kwa tochi ya simu kwa sekunde moja, lenzi ikamate, tochi izimwe. Flashi iende darini. Kwa chembe ya sekunde sebule nzima inaonekana, bibi, mashangazi, sinia, kofia nyeupe, na picha itakayobaki itaonyesha jioni ambayo umeme haukukatika. Kisha giza linarudi, mshumaa unatafutwa, na kutoka upande wa mkekani watoto wakubwa wanapiga kelele wakitaka tena.